Jinsi ya kuchagua kasha la kompyuta lisilo na kelele wala joto

Aghalabu mtu anayenunua kompyuta ya mezani yenye nguvu hutumia fedha nyingi kwa prosesa na kadi ya michoro, kisha kasha hununuliwa kwa kile kidogo kinachosalia. Matokeo hujitokeza baada ya miezi michache: feni huvuma kutwa kucha na kazi nzito huanza kujikokota.

Chanzo ni joto. Takriban umeme wote unaoingia ndani ya kompyuta hugeuka kuwa joto. Prosesa ya Intel Core i9-14900K, iliyotolewa mwaka wa 2023, yaweza kutumia hadi wati 253, nayo kadi ya michoro ya NVIDIA GeForce RTX 4090 ya mwaka wa 2022 ina kiwango cha wati 450. Zikifanya kazi kwa pamoja hutoa joto la zaidi ya wati 700, karibu sawa na pasi ndogo ya umeme iliyofungiwa sandukuni. Prosesa hiyo ikikaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Kwa hivyo, mwenye kasha duni hulipia nguvu asizoweza kuzitumia.

Joto hilo sharti litolewe na hewa. Ili kuondoa wati 600 huku hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 pekee, kasha linahitaji kupitisha takriban mita za ujazo tatu za hewa kila dakika. Suala muhimu basi ni jinsi ya kuipitisha hewa hiyo bila kelele.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoka. Hudhani kwamba kasha tulivu ni lile lililozibwa pande zote na kutandazwa sponji ndani. Sponji hupunguza kiasi fulani cha sauti kali, lakini uso uliozibwa kwa kioo au plastiki huzifanya feni zizunguke kwa kasi zaidi zikitafuta hewa, na kelele hurudi kwa njia nyingine. Kasha lenye wavu mpana upande wa mbele, hata bila sponji, mara nyingi huwa tulivu zaidi kompyuta inapofanya kazi nzito.

Ukubwa na idadi ya feni pia ni jambo la kuzingatia. Feni ya milimita 140 ina eneo takriban mara tatu ya ile ya milimita 80, hivyo husukuma hewa nyingi kwa mzunguko wa polepole. Mwendo wa feni ukipunguzwa kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, ilhali sauti hushuka kwa takriban desibeli 15. Kwa sababu hiyo, feni mbili zinazokwenda kwa nusu ya kasi hupitisha hewa sawa na moja inayokwenda kasi kamili, huku sauti ikiwa chini kwa takriban desibeli 12. Feni mbili au tatu za kuingiza hewa mbele na moja ya kuitoa nyuma huwatosha watumiaji wengi.

Hali ya mazingira nayo isipuuzwe. Hewa inayotoka nje haiwezi kukifanya chombo kiwe baridi kuliko chumba chenyewe. Prosesa inayofikia nyuzi 75 katika chumba cha nyuzi 22 jijini Nairobi itakaribia nyuzi 85 katika chumba cha nyuzi 32 mjini Mombasa, ikifanya kazi ileile. Mkazi wa pwani hana budi kununua kasha lenye nafasi zaidi ya kupitisha hewa.

Kuhusu vumbi, inafaa feni zinazoingiza hewa ziizidi nguvu ile inayotoa. Hewa hupenya kupitia vichujio badala ya kufyonzwa kwenye kila mwanya. Vichujio viwe vya kuchomoka kwa urahisi, kwani kichujio kilichoziba huharibu kazi yote ya feni.

Kelele nyingine hutokana na mtetemo. Bati jembamba hutetemeka pamoja na diski ngumu na feni. Mnunuzi akiwa dukani agonge ubavu wa kasha kwa kidole: ukilia kama debe tupu, utalia hivyo hivyo kompyuta ikiwashwa. Diski ngumu zishikiliwe kwa vipande vya mpira.

Mwisho ni vipimo. Ubaomama wa kigezo cha ATX, kilichoanzishwa na Intel mwaka wa 1995, una milimita 305 kwa 244. Baadhi ya kadi za michoro hupita milimita 300 kwa urefu, na kipoza-prosesa kikubwa chaweza kufikia kimo cha milimita 165. Vipimo hivyo vilinganishwe na vya kasha kabla ya malipo.

Kasha likishafika nyumbani, lisisukumwe ukutani wala kufungiwa kabatini, na vichujio visafishwe mara kwa mara. Prosesa na kadi hupitwa na wakati haraka, ilhali kasha jema laweza kutumika kwa kompyuta mbili au tatu zinazofuatana. Rahisi huwa ghali.