Kyubiti haisomwi mara mbili: Wanasayansi wanajuaje kilichomo ndani ya kompyuta ya kwantumu?

Umejenga kompyuta ya kwantumu. Utajuaje kama imefanya kweli ulichoiagiza? Swali ni rahisi, jibu lake siyo.

Kwa nini ni ngumu?

Biti ya simu yako ni 0 au 1, na unaweza kuisoma hata mara elfu. Kyubiti inaweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1 kwa wakati mmoja. Ukiipima, inakupa jibu moja tu, na mchanganyiko ule unapotea. Kuinakili kwanza nako haiwezekani, sheria za fizikia zinakataa.

Fikiria njiti ya kiberiti. Huwezi kujua kama inawaka bila kuiwasha, na ukishaiwasha imekwisha.

Wanafanyaje basi?

Wanaandaa hali ileile upya, tena na tena, na kuipima kila mara. Kyubiti moja hupimwa kwa pande tatu tofauti. Kisha wanahesabu 0 zimetoka ngapi na 1 ngapi, halafu wanakadiria.

Vipimo vikiwa vichache, makadirio yanayumba. Ukitaka kosa lipungue kwa nusu, lazima upime mara 4 zaidi. Wakati mwingine hesabu huleta hali isiyoweza kuwepo kabisa, yenye uwezekano chini ya sifuri. Hapo hutafutwa hali halisi ambayo ingetoa matokeo hayo kwa urahisi kuliko nyingine zote.

Namba zinazidi kupanda

Kuieleza hali kikamilifu unahitaji:

- Kyubiti 1: namba 3
- Kyubiti 2: namba 15
- Kyubiti 8: namba 65,535

Mwaka 2005, wanasayansi wa Innsbruck, Austria, walipima kyubiti 8 zilizotengenezwa kwa ioni za kalsiamu. Walihitaji mipangilio 6,561 ya vipimo, kila mmoja ukirudiwa mara 100. Upimaji ulichukua kama saa 10. Kwa kyubiti 50, njia hiyo haiwezekani tena.

Njia ya mkato ipo?

Zipo. Mwaka 2010, David Gross na wenzake walionyesha kwamba hali ambayo haijavurugwa sana na kelele inaweza kujengwa upya kwa vipimo vichache zaidi.

Mwaka 2020, Hsin-Yuan Huang, Richard Kueng na John Preskill walikuja na "vivuli". Unapima kwa pande za kubahatisha, unahifadhi matokeo, maswali unauliza baadaye. Hupati picha nzima, ila kwa maswali ya aina fulani unapata majibu mengi kwa vipimo vichache. Maswali yakiongezeka mara kumi, vipimo huongezeka kidogo tu.

Kwa hiyo ukisikia kampuni imetangaza kompyuta ya kyubiti 100, usiishie kwenye namba hiyo. Uliza: wamepima nini, na mara ngapi?