Samaki katika Chungu: Kutoka Soko la Nyangwe Mpaka Sanduku la Vioo

Mwaka 1871 David Livingstone alikaa miezi kadhaa Nyangwe, kandokando ya Lualaba, huku kwetu Maniema. Alitafuta mitumbwi ya kumvusha ng'ambo, akaikosa, na siku nyingi alikwenda tu kutembea sokoni. Wengi wetu tunajua jina la Nyangwe juu ya jambo moja: tarehe 15 Julai ya mwaka ule, watu wa wafanyabiashara ya watumwa waliwapiga bunduki wanawake waliokuwa sokoni, na mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa maji. Jambo hilo tunalifundisha darasani kila mwaka, na ni haki tulifundishe. Lakini katika daftari zake, zilizochapwa London mwaka 1874 mwenyewe akiwa amekwisha kufa, mna kitu kingine kidogo ambacho sijasikia mwalimu akikitaja. Anapoeleza vitu vya soko anahesabu mchwa wa kukaangwa, konokono wakubwa, na samaki mmoja ambaye watu walimleta ndani ya vyungu vyenye maji. Hata jina lake ameliandika: sembe.

Sembe ni yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye mapezi membamba sawa na kamba, ambaye ana mapafu. Anapanda juu kuvuta hewa kama sisi, na jamii zake nyingine, kiangazi kikikausha bwawa, zinajizika ndani ya matope na kungojea mvua. Livingstone alimwita Lepidosiren, kwa sababu hivyo ndivyo wataalamu wa wakati ule walivyomwita. Leo wanasema Protopterus. Na dume ndiye anayelinda shimo la mayai na watoto, si jike. Hilo wavuvi wetu wanalijua vizuri sana, kwa maana dume akiwa na watoto huuma.

Sisemi ya kwamba chungu kile kilikuwa akwariomu. Samaki yule alikuwa anakwenda kuliwa jioni. Lakini fikiri kidogo: mama anayetoka kijijini na chungu cha maji kichwani, samaki mzima ndani, anajua tayari mambo matatu. Anajua samaki gani atavumilia safari na gani atakufa njiani. Anajua asijaze chungu mpaka mdomoni, juu sembe lazima apate hewa. Anajua asiweke wengi pamoja. Ukimwuliza leo fundi wa akwariomu huko Ulaya somo lake la kwanza ni lipi, atakutajia karibu mambo hayo hayo.

Huko Ulaya kwenyewe jambo hilo halikuwa la zamani sana. Wachina walikuwa wanafuga samaki wekundu tangu utawala wa Song, yaani kati ya mwaka 960 na 1279, lakini katika mabwawa na mabeseni ya udongo, wakiwatazama kutoka juu. Sanduku la kioo ni mambo ya karne ya 19. Mwaka 1832 mama mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, alitumia masanduku ya vioo kule Sicilia ili achunguze wanyama wa bahari. Mwaka 1850 Mwingereza Robert Warington, mtu wa kemia, alieleza namna alivyoweka ndani ya chombo kimoja samaki wawili wekundu, majani ya maji yanayoitwa Vallisneria, na konokono. Majani yanawapa samaki oksijeni, samaki wanayalisha majani kwa uchafu wao, konokono wanakula majani yaliyooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na tangu hapo ikawa kama homa: kila tajiri alitaka sanduku lake sebuleni.

Na sembe? Ndugu yake wa Gambia alikwisha kuoneshwa London, mzima, mwaka 1856. Kwa hiyo miaka 15 kabla ya Livingstone kumkuta katika chungu cha Nyangwe, Waingereza walikuwa wamelipa kiingilio ili wamwone mmoja wa jamii ile ile.

Samaki wa Congo walichelewa kidogo. Kwanza walisafiri wakiwa wamekufa, ndani ya chupa za pombe kali. Maofisa wa Leopold II na wamisionari waliwapeleka, na mtaalamu G. A. Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi katika makumbusho ya London, akawapa majina ya Kilatini. Mwaka 1901 alitoa kitabu kizima juu ya samaki wa bonde la Congo. Miaka miwili mbele, mwaka 1899, alikuwa amempa jina samaki mdogo ambaye leo anajulikana katika dunia nzima kuliko mito anamotoka: Phenacogrammus interruptus, wanaomwita kwa Kifaransa tétra du Congo. Dume lake linafika sentimita 8 hivi, mgongo buluu, ubavu dhahabu, mkia umechanika kama bendera ya zamani. Wa pili ni Synodontis nigriventris, aliyepewa jina mwaka 1936, yule anayeogelea tumbo juu. Wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe; huyu amegeuza, tumbo ndilo jeusi, kwa sababu tumbo lake ndilo linalotazama jua.

Ilipokuja ndege, samaki wakaanza kwenda wazima. Katika miaka ya 1950 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa Léopoldville akikamata samaki wa mto na kuwatuma Ulaya na Amerika ndani ya mifuko yenye maji na oksijeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Bujumbura, akafanya kazi hiyo hiyo kwenye ziwa Tanganyika mpaka kifo chake mwaka 1990. Vitabu vyake vya mwaka 1978 na 1989 bado vinasomwa. Kuna samaki wa ziwa wenye jina lake, Neolamprologus brichardi, na tabia yao inanishangaza kila nikiifikiri: watoto waliokwisha kukua hawaondoki haraka, wanabaki na wazazi kulinda wadogo zao. Mtoto wa kwanza analea wa pili. Nani kati yetu hakulelewa hivyo?

Msomaji wa Kindu asiseme ya kwamba Tanganyika ni mbali. Maji ya ziwa hilo yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia katika Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo, na yanapita hapa mbele ya bandari yetu.

Majani yetu nayo yalisafiri. Anubias, mmea wa majani magumu wa vijito vya misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, na Bolbitis, ile feri nyeusi inayoshika mawe penye maji ya kasi, yanauzwa leo katika miji ya Ulaya kwa bei ambayo ingempa mwalimu wa Kindu chakula cha siku kadhaa. Kwa upande wetu sisi tulipata kinyume: gugu-maji la Amerika ya kusini, lenye ua zuri la zambarau, lililoonekana juu ya mto Congo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuziba njia za mashua. Watu wa chini wakaliita Congo ya sika, Congo mpya.

Sasa, wazee watasema: mwalimu, mbona etangi hukuzitaja? Ni kweli. Wabelgiji walianza kufundisha ufugaji wa tilapia kwa nguvu baada ya vita kuu ya pili. Kipopo, karibu na Élisabethville, ndiko kulikuwa kituo cha uchunguzi, na mwaka 1949 mji huo ulipokea mkutano wa Wabelgiji na Waingereza juu ya kufuga samaki. Mwisho wa miaka ya 1950 etangi katika Congo zilipita 100,000. Halafu uhuru ukaja, na nyingi zikajaa majani. Watu wanasema ni juu ya vita na fujo. Vita vilikuwako, lakini kwa mawazo yangu si hilo tu. Etangi nyingi zilichimbwa kwa amri ya agronomu, si kwa mapenzi ya mwenye shamba. Tena tilapia wanazaa upesi mno: usipowapunguza, unapata samaki mia tano wa ukubwa wa kidole. Mtu aliyechimba mwezi mzima na kuvuna vidole harudi tena na jembe.

Mimi mwenyewe nilianza mwaka 2006, nikiwa mwalimu mpya. Katika kitabu kimoja cha Kifaransa, cha zamani, bila jalada, nilisoma juu ya tétra du Congo, kwamba anazalishwa vizuri Ulaya, kwamba jike linatupa mayai mamia kati ya majani na kuyasahau, na ya kwamba yanapasuka siku ya sita hivi. Haya ikanishika. Wanafunzi wangu wa darasa la biolojia, waliozaliwa mita mia mbili kutoka mtoni, walikuwa na jina moja kwa samaki wote wadogo: fretin.

Nilitafuta vioo vya madirisha katika nyumba moja iliyoharibika wakati wa vita, nikanunua silikoni, nikaunganisha sanduku la lita 60 hivi. Siku ya kwanza lilivuja mpaka chini ya kitanda. Siku ya tano likashika. Niliweka mchanga wa Lualaba, mawe mawili, majani kutoka kijito cha upande wa Alunguli, na samaki 12 waliokamatwa kwa kikapu. Mke wangu aliuliza kama tutawala Jumapili.

Baada ya majuma matatu nikaona uchafu, nikafanya kosa la mtu msafi: nilimwaga maji yote, nikasugua mchanga, vioo na mawe kwa sabuni, nikaweka maji mapya ya siku ile ile. Asubuhi samaki 9 walikuwa wamegeuka tumbo juu, na hawakuwa wa jamii ya nigriventris. Baadaye ndipo nilielewa. Uchafu wa samaki unatoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya mchanga kuna vijidudu visivyoonekana vinavyoigeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati, na nitrati ni chakula cha majani. Mimi niliwaua wafanyakazi wote wa kiwanda usiku mmoja, halafu nikashangaa kiwanda kimesimama. Tangu siku ile nabadilisha maji kidogo kidogo, ndoo moja kila juma, na maji yenyewe nayalaza kwanza siku mbili ndani ya beseni wazi.

Umeme wa kuendesha pampu sikuwa nao. Kwa hiyo nilirudi kwa Warington bila kujua: majani mengi, samaki wachache, dirisha upande wa mashariki ili jua la asubuhi tu liingie. Jua la mchana linaleta ukijani wa maji, mpaka unaona supu ya sombe badala ya samaki.

Mwaka uliofuata jike mmoja wa jamii ya tilapia, mdogo wa vidole vitatu, aliacha kula. Koo lilivimba. Nikafikiri ni ugonjwa. Siku moja nikaona kichwa cha mtoto kinachungulia kutoka kinywani mwake, na wanafunzi wakapiga kelele: "Mwalimu, anakula watoto!" Nikawapeleka kwa mzee mmoja Mgenya, ng'ambo ya Alunguli, kwa mtumbwi.

"Jambo, Mzee," wakasema. Nikaeleza.

Mzee akacheka. "Hakuli, wanangu. Iko anaficha wao mu kinywa. Majuma mawili hali kitu. Ukimwona hivi mu kikapu, unarudisha mu maji, juu ukimla yeye, umekula kijiji mzima."

Halafu akaanza kuhesabu majina. Kwa samaki tuliowaita wote fretin alikuwa na majina zaidi ya 20 katika lugha yake: yule wa chini ya majani yaliyooza, yule wa penye mawe, yule anayetoka usiku, yule anayekuja tu maji yakipanda. Kwa kila mmoja alijua anataga wapi na mwezi gani. Mambo ambayo Mjerumani mwenye akwariomu anayatafuta miaka, ili samaki wake wakubali kuzaa, mzee aliyasema huku anashona wavu. Wapenzi wa samaki wadogo wa misitu, jamii ya Aphyosemion, wanatumiana mayai kwa posta ndani ya bahasha, yamefungwa katika mboji yenye unyevu. Nilimweleza hilo. Hakushangaa hata kidogo. Akauliza tu kama stempu ni ghali.

Wanafunzi waliandika majina katika kaye, na picha za penseli pembeni. Kaye hiyo ninayo. Mzee alifariki, na vijana waliochukua mahali pake mtoni nawaona wengine wanavuta mustikere, vyandarua vya kuzuia mbu, ambavyo havichagui: vinabeba mayai, watoto na mama mwenye watoto kinywani. Nikiuliza jina la samaki, wananiambia fretin. Njaa naielewa, sitawahukumu. Lakini tétra du Congo wanaouzwa duniani sasa wengi wanatoka katika mashamba ya Asia na Ulaya, wamezaliwa huko vizazi vingi, na huko wameandikiwa kila kitu: maji yao, chakula chao, siku zao za kutaga. Wa kwetu wameandikwa katika kaye moja ya kurasa 48, na kurasa tatu zimeliwa na mende.

Mwezi uliopita nilipita sokoni. Mama mmoja aliketi na beseni la plastiki, kambale wanne wazima ndani, maji yamefika nusu, na juu ya maji ametandaza majani ya mgomba kuzuia jua. Nilimwuliza kwa nini hakujaza beseni.

"Baba, na hewa watapata wapi?"

Nilinunua mmoja. Nikamwuliza pia kama anamjua sembe. Akasema bibi yake, wa upande wa Kibombo, alikuwa anamleta kwa chungu. Nikatoa kaye mfukoni, tukaanza kuandika.