Spika Huwekwa kwa Ajili ya Nani?

Mawaidha ni kitu cha zamani sana katika lugha yetu. Mwaka 1858, katika pwani ya kaskazini, upande wa Lamu na Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa kumwelekeza namna ya kuishi duniani na kujiandaa kwa akhera. Utendi huo ulielekezwa kwa mtoto mmoja, lakini haukubaki kwake. Ulighaniwa mbele ya wanawake, ukahifadhiwa moyoni, na hadi leo watu wanabishana juu yake. Wapo wanaousifu kwa hekima, na wapo wanaosema unamfunga mwanamke. Nami naona huo ndio uhai wa mawaidha. Yakitamkwa mbele ya watu, watu huyapokea, na papo hapo huyahoji.

Siku hizi vijana wetu wanayapata mawaidha kwa njia nyingine. Wanasikiliza vitabu vya sauti vya kuhamasisha, vingi vikiwa vimetungwa ng'ambo, vinavyomwambia mtu jinsi ya kufanikiwa, kujiamini na kutajirika. Wanavisikiliza ndani ya daladala, wakifua nguo, na usiku kabla ya usingizi. Wazee wenzangu wengi hucheka jambo hili. Mimi silicheki, kwa kuwa kazi yangu ya maisha ilikuwa kufundisha walimu, na mwalimu hawezi kudharau sauti inayosikilizwa na vijana kuliko yake. Nimependelea kuchunguza sauti hizo zilitoka wapi na zilifikaje masikioni mwao.

Mwanzo wake ni mwaka 1877, Thomas Edison alipobuni mashine ya kunasa sauti huko Marekani. Mwaka uliofuata alichapisha katika jarida la North American Review orodha ya kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya. Kucheza muziki kulikuwamo, lakini hakukuwa mwanzoni. Kabla yake alitaja kuandika barua kwa imla, na mara baada ya hapo vitabu vya kuwasemesha vipofu. Wazo lilikuwa zuri, ila chombo kilikuwa bado dhaifu, kwani kiliweza kubeba dakika chache tu za maneno.

Wazo hilo lilingoja zaidi ya miaka 50. Katika vita ya kwanza ya dunia, mwaka 1916, afisa kijana wa Kiingereza, Ian Fraser, alipofushwa kwa risasi katika mapigano ya Somme. Baadaye aliongoza chama cha kuwasaidia askari vipofu, naye akawa miongoni mwa waliohangaika kutafuta santuri ya kuzunguka polepole, iweze kubeba usomaji mrefu. Marekani ilianza kutoa vitabu vya namna hiyo mwaka 1934, na Uingereza mwaka 1935. Kati ya vitabu vya kwanza vya Uingereza kimoja kilikuwa cha Agatha Christie na kingine cha Joseph Conrad. Kwa hiyo kitabu cha sauti kilizaliwa kama msaada kwa mtu aliyenyimwa macho. Hakikukusudiwa kumpa mtu utajiri.

Aliyekigeuza kuwa chombo cha kuhamasisha ni Earl Nightingale, aliyezaliwa California mwaka 1921. Alikulia katika ufukara wa miaka ya mdororo wa uchumi, akawa askari, na akanusurika katika meli ya vita USS Arizona iliposhambuliwa Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Baada ya vita alikuwa mtangazaji wa redio huko Chicago, na pia alikuwa na ofisi ya kuuza bima. Mwaka 1956 alitaka kusafiri kwa mapumziko. Kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kuwatia moyo wauzaji wake katika mkutano wao, aliombwa aache maneno yaliyorekodiwa ili wasikilize asipokuwapo. Akarekodi hotuba aliyoiita The Strangest Secret. Kiini chake ni kwamba maisha ya mtu hufuata yale anayoyawaza muda mwingi. Wauzaji wakaipenda, wakataka nakala za kupeleka nyumbani, na hatimaye ziliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1960 yeye na Lloyd Conant wakaanzisha kampuni iliyofanya rekodi za namna hiyo kuwa biashara ya kudumu.

Msomaji naomba azingatie mwanzo huo. Santuri ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokaa chumba kimoja, wanaofahamiana, wenye kazi moja, na wanaomjua msemaji pamoja na kasoro zake. Ilipomalizika, mmoja aliweza kumwambia mwenzake: hili ni kweli, lakini lile halitatufaa huku mtaani. Nakala zilipokwenda majumbani, maneno yalikwenda, kikao kikabaki nyuma. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ikaleta kaseti, na mawaidha yakaingia ndani ya magari. Mwaka 1979 Sony ikaleta Walkman, na yakaingia masikioni mwa mtu mmoja mmoja. Simu ya mkononi imekamilisha safari hiyo.

Nasi hapa Tanzania tulikuwa na historia yetu ya sauti za kuhimiza, nayo ilipita njia tofauti. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Baada ya Uhuru redio ikawa chombo cha elimu, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikafuata kampeni zilizoendeshwa kwa redio: Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Mtu ni Afya iliendeshwa kwa majuma 12 na kuwafikia watu wapatao milioni 2, wakiwa katika vikundi vyenye viongozi waliopewa mafunzo. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, miaka mingi kabla ya kukabidhiwa chuo, na nilikuwa kiongozi wa kikundi kimoja.

Utaratibu ulikuwa huu. Redio iliwekwa juu ya kigoda katikati, watu wakaizunguka. Tulisikiliza kipindi, nikasoma sehemu ya kitabu inayohusika, kisha tukajadiliana na kupatana la kufanya kabla ya juma lijalo. Nakumbuka kipindi kilichotuhimiza kuchemsha maji ya kunywa. Kilipokwisha, mama mmoja mtu mzima aliuliza, "Mwalimu, hiyo redio imesema nani ataleta kuni?" Watu wakacheka, lakini swali halikuwa la mzaha. Msitu ulikuwa mbali, na waliobeba kuni ni wanawake. Jioni ile tulizungumzia kuni kuliko maji, na mwisho wanaume wanne waliahidi kwenda kukata. Wawili walitimiza ahadi. Si wengi, lakini redio peke yake isingempata hata mmoja.

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa pepo. Redio ilikuwa ya serikali, nayo ilisema yale serikali iliyotaka yasemwe. Miaka hiyo hiyo watu wengi walihamishiwa katika vijiji, na wengine walihamishwa kwa nguvu, wala hapakuwa na kikundi cha redio cha kujadili kama wahame au wasihame. Kumwachia mtu aulize habari za kuni si sawa na kumwachia aulize kila kitu. Hata hivyo lile dogo lililoruhusiwa lilitufunza kwamba himizo lisilojibu swali la msikilizaji huwa nusu himizo.

Sasa nije kwenye spika, ambazo nilijifunza habari zake nikiwa mstaafu. Mjukuu wangu alihitimu stashahada ya ualimu, na wakati akisubiri ajira alipata kibarua katika studio ya chumba kimoja inayorekodi matangazo, mahubiri na hotuba za wahamasishaji. Siku moja alinionyesha kazi yake. Mbele ya kiti cha fundi mitambo palikuwa na spika mbili. Alinieleza kuwa umbali kati ya spika na spika lazima ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kichwa cha msikilizaji. Ukiwa mita moja na nusu huku, uwe mita moja na nusu kule. Yaani pembetatu yenye pande sawa, ile tuliyoichora ubaoni miaka yote. Spika ndogo za sauti nyembamba ziwe usawa wa masikio. Zisisukumwe kwenye kona, maana ukuta na kona huvimbisha besi. Fundi akidanganywa na chumba atapunguza besi isiyokuwa na kosa, na kazi yake itasikika nyembamba kila mahali pengine. Ndiyo sababu kuta za pembeni, pale ambapo mwangwi wa kwanza hugonga, zilikuwa zimefunikwa vipande vya godoro.

Elimu hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe akaudhika kuona mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia na sauti yake inatoka upande mwingine. Aliuawa katika ajali ya ndege ya majaribio mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 38, kabla kazi yake haijaenea duniani. Alichokitumia ni maumbile yetu: sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia mbele ya la kushoto kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo hutambua.

Mjukuu wangu akanikalisha kwenye kiti, akafungulia hotuba. Msemaji alisikika yuko mbele yangu kabisa, katikati, mahali ambapo hapakuwa na spika. Nikasogea kidogo kushoto, akahamia kwenye spika ya kushoto. "Babu, hapo si mahali pake," akaniambia. "Kiti ni kimoja tu." Kisha akanivika visikilizio vya masikioni. Safari hii msemaji hakuwa mbele wala pembeni. Alikuwa ndani ya kichwa changu. Mafundi wanalijua jambo hili vizuri: sauti ikiingia sawasawa katika masikio yote mawili kwa visikilizio, ubongo hauoni mahali pa kuiweka isipokuwa ndani.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonisumbua kwa muda mrefu. Redio ya kigodani ilikuwa nje yetu. Iliposema neno, tuliitazama, kisha tukatazamana. Studio huweka spika kwa ajili ya mtu mmoja, na kuna haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa fundi anapima kazi yake. Lakini mawaidha yanayomfikia kijana kwa visikilizio hupata mahali ambapo mzazi wala mwalimu hakuwahi kupata. Maneno ya mgeni husikika mle mle yanamotokea mawazo yake mwenyewe. Ni rahisi kubishana na mtu aliye mbele yako. Kubishana na sauti iliyo kichwani mwako ni kazi nzito.

Niliona matokeo yake nyumbani. Kijana wangu alikuwa akisikiliza vitabu hivyo kila alfajiri, navyo vilimfaa kwa mengi: aliamka mapema, akaacha pombe, akajifunza kazi ya studio kwa bidii. Hilo nalishukuru. Lakini kila nafasi za walimu zilipotangazwa bila jina lake kutoka, aliona kosa ni la fikra zake. Aliniambia kwamba pengine hakuamini vya kutosha. Nikamwuliza, wangapi walihitimu pamoja nawe, na wangapi wamepata? Akahesabu kwa vidole, wachache mno. Je, hao wote waliobaki hawakuamini? Akanyamaza, kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu majuma mengi. Hesabu ile angeweza kuifanya mwenyewe. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza.

Fundisho la Nightingale lina ukweli ndani yake, kwani fikra za mtu huelekeza mikono yake. Lilisemwa kwa wauzaji wa bima waliokuwa tayari na kazi, katika nchi iliyokuwa ikineemeka baada ya vita. Likihamishwa kwa kijana asiye na ajira bila mtu wa kulipima pamoja naye, linaweza kumtwisha mzigo wa uchumi mzima juu ya mabega yake peke yake.

Simshauri kijana yeyote atupe visikilizio vyake. Asikilize alfajiri kama apendavyo. Lakini walau siku moja katika juma achomoe visikilizio, aweke simu au spika yake katikati ya meza, awaite wenzake wawili watatu, na mtu mzima mmoja akipatikana. Sauti haitakuwa nzuri kama ya studio, na kila mmoja ataisikia kutoka pembe yake. Ikifika mwisho, waizime, na mmoja wao aulize nani ataleta kuni.