Unataka mbwa jitu kwa hao yenu? Soma hii kabla ya kutuma doo

Wasee wengi walipenda mbwa wakubwa kabla hata ya kumgusa mmoja. Scooby-Doo, ambaye amekuwa kwa TV tangu 1969, ni Great Dane. Beethoven, yule wa filamu ya 1992 aliyeharibu nyumba mzima na bado akapendwa, ni Saint Bernard. Siku hizi ukiingia TikTok unapata Boerboel amejilaza mbele ya gate, kichwa kama ya ndama, na wasee wote wanauliza kitu moja tu: bei?

Bei ya kununua ndiyo gharama ndogo. Mbwa jitu huhesabiwa kwa kilo. Kilo ndizo huamua atakula kiasi gani, atapewa dawa ngapi, nani atambeba akigonjeka, na ataishi miaka mingapi. Hapa tumeweka yote, kutoka siku ya kumsaka hadi uzee wake, ndio familia ikikaa chini kuamua iwe na rada.

Mbwa jitu ni yupi?

Wengi huanza kumhesabu mbwa kama jitu akipita kilo 45 hivi. German Shepherd dume, yule mtaani tunamwita mbwa kubwa, huwa kilo 30 hadi 40. Sasa linganisha na hawa:

- Great Dane: dume huwa kilo 54 hadi 79. Jina linadanganya, asili yake ni Ujerumani, si Denmark.
- Saint Bernard: dume huwa kilo 64 hadi 82. Ametoka milima ya Alps, kwa theluji. Manyoya yake ni ya huko, si ya Mombasa.
- Boerboel: mbwa wa Afrika Kusini, alizalishwa kulinda mashamba. Madume wengi ni kati ya kilo 60 na 90.
- English Mastiff: dume anaweza kupita kilo 100.

Kwa urefu, Zeus ndiye alikuwa noma. Huyo alikuwa Great Dane wa Michigan, Marekani, na Guinness World Records walimpima sentimita 111.8 kutoka chini hadi mabegani. Alikufa 2014 akiwa na miaka 5. Weka hiyo namba ya mwisho akilini.

Kumsaka bila kuchezwa

Usitume M-Pesa juu ya picha. Enda uone mama wa puppy kwa macho yako, na kama inawezekana baba pia. Angalia venye wanatembea: wakichechemea ama wakiyumba nyuma, hizo nyonga zinaweza kurithiwa na watoto wao. Angalia pia tabia. Mama ambaye hawezi kukaribiwa hata mwenyewe akiwa hapo anakuambia kitu kuhusu watoto wake.

Puppy asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Ukiambiwa ni pure, uliza karatasi. Mbwa wa ukoo husajiliwa na East Africa Kennel Club, ambao wako Jamhuri Park, Nairobi. Na kama unachotaka ni rafiki wa familia na wala si jina la ukoo, pitia KSPCA kule Karen. Mara kwa mara hapo kuna mbwa wakubwa ambao wenyewe walishindwa nao.

Mwaka wa kwanza ndio unaamua kila kitu

Puppy wa Great Dane huzaliwa akiwa nusu kilo na kitu. Mwaka ukiisha anaweza kuwa amepita kilo 50. Hakuna mtu kwa hao yenu amewahi kukua hivyo. Lakini mifupa haiendi na hiyo speed: mbwa mdogo humaliza kukua kabla ya mwaka, jitu huchukua miezi 18 hadi 24.

Hapo ndipo watu huharibu. Wanaona puppy anakua haraka, wanamwongezea unga wa mifupa na vidonge vya kalsiamu ndio miguu iwe ngumu. Inafanya kinyume. Mwili wa puppy mdogo hauwezi kukataa kalsiamu iliyozidi, kwa hivyo mifupa inakua vibaya na miguu inapinda. Mpe chakula cha puppy wa mbwa wakubwa na usiongeze kitu bila vet kusema. Asinone pia. Ukipitisha mkono ubavuni unafaa kuskia mbavu bila kufinya.

Mazoezi yawe ya kiasi. Usikimbie naye kilomita 5 kwa lami, usimruhusu kuruka kutoka nyuma ya pickup, na ngazi asipande na kushuka siku mzima. Mwache acheze kwa nyasi, akichoka alale.

Kitu ingine ni kumfunza kamba mapema. Puppy wa kilo 10 akivuta kamba, mnacheka. Akifika kilo 70 na hajafunzwa, akiona paka upande ule mwingine wa barabara anavuka na mathe akiwa ameshikilia kamba.

Hesabu ya chakula

Mbwa wa kilo 60 hadi 70 anayekula chakula kavu humaliza karibu kilo moja kwa siku. Hiyo ni kilo 30 kwa mwezi. Enda agrovet ya mtaa wenu, uliza bei ya kilo, zidisha na 30. Hiyo namba iandike kando ya rent na stima, juu itakuja kila mwezi, hata January.

Ugali inaweza kuwa sehemu ya sahani, lakini ugali peke yake haimjengi. Anahitaji protini: omena, matumbo iliyochemshwa, nyama, mayai. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka kama sindano, kwa hivyo weka mbali. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwa mbwa yeyote.

Dawa pia hufuata kilo. Dawa ya minyoo, ya kupe, hata ya kulaza kabla ya operesheni, zote hupimwa kwa uzito. Kile jirani analipia Chihuahua, wewe utalipa mara kadhaa. Na kama unataka kuokoa kwa kumwosha na dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kukisia, acha. Dozi mbaya inaweza kumuua, na kupe wenyewe hubeba homa inayoua mbwa. Uliza vet.

Tumbo kufura: saa chache tu

Ukisoma sehemu moja tu ya hii story, iwe hii. Mbwa wenye kifua kirefu hupata shida ambapo mfuko wa chakula unajaa hewa kisha unajipinda. Ukijipinda, hakuna kitu kinaingia wala kutoka, na damu inakatika. Vet huiita GDV. Great Dane ndiye huwa kwa hatari kubwa zaidi, lakini majitu wote wako kwa hiyo list. Bila operesheni anakufa, na wakati ulio nao ni wa kuhesabu kwa saa.

Dalili ni hizi:

- Anajaribu kutapika tena na tena lakini hakuna kitu kinatoka, labda mate na povu tu.
- Tumbo limefura na ukiligonga linalia kama ngoma.
- Hatulii. Analala, anaamka, anageuka kuangalia tumbo lake.
- Ufizi umekuwa mweupe na anapumua haraka.

Usimpe soda, usimpe mafuta ya kupikia, usingoje asubuhi. Piga simu kwa vet mkiwa tayari njiani. Na hapa ndipo swali la kilo linarudi: saa nane usiku, nani anabeba mbwa wa kilo 70? Boda haiwezi, na dereva wa teksi anaweza kumwangalia mara moja aondoke. Panga leo. Jua jirani mwenye Probox ama pickup ambaye anaweza kuamka. Blanketi nzito na watu wawili hutosha kumbeba kama machela. Okoa namba za vet wawili wanaofanya operesheni usiku. Ukiwa Nairobi, jua pia kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete na saa zake.

Kupunguza hatari, gawanya chakula mara mbili ama tatu kwa siku, mfanye ale polepole, na asikimbie mara tu baada ya kula. Kuna pia operesheni ya kushona mfuko wa chakula kwa ukuta wa tumbo ndio usijipinde. Inaweza kufanywa siku ile ile ya kumfunga uzazi, kwa hivyo uliza mapema.

Keja, joto na godoro

Great Dane mzima ni mtulivu ndani ya nyumba kuliko unavyofikiria, analala sana. Shida ni landi. Kabla ya kununua, soma mkataba wa nyumba na uongee na caretaker. Mbwa wengi wakubwa hutupwa familia ikihama, juu plot mpya haitaki mbwa. Kumtesa mnyama ama kumwacha ateseke ni kosa kisheria Kenya.

Asilale kwa simiti tupu. Uzito wake unafinya viwiko hadi ngozi inakuwa ngumu na kupata vidonda. Godoro la zamani la watoi linatosha. Tiles pia ni adui: akiteleza anaumia nyonga, kwa hivyo weka zulia pale anapopita.

Ukiwa Mombasa, Kisumu ama Garissa, mtembeze saa kumi na mbili asubuhi na jioni jua likishazama. Akihema sana, akiyumba na mate yakiwa mazito, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepete, kisha vet.

Watoi, wageni na bango la Mbwa Kali

Mtindo wetu ni kufungia mbwa kwa kibanda mchana, kumfungulia usiku. Kwa jitu, hiyo ni kutengeneza hatari. Kutoka wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ndio puppy hujifunza dunia ni salama. Puppy ambaye hakuona watoi, wageni, mtu wa boda na mwavuli wakati huo, anakuwa mbwa wa kilo 80 anayeogopa kila kitu. Mbwa anayeogopa huuma. Mbwa aliyekutana na watu bado atalinda: mwizi akimwona tu kwa gate anabadilisha route.

Na hata akiwa mpole, mkia wake peke yake unaweza kumwangusha mtoi wa miaka 2. Usiwaache wawili bila mtu mzima. Mtoi asimguse mbwa akila ama akilala.

Chanjo si ya kujadiliwa. Zile za puppy, ikiwemo ya parvo, huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hupewa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Kenya ina mpango, ulioanza 2014, wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mtu akiumwa, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hosi siku hiyo hiyo. Dalili za huu ugonjwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Uliza pia ofisi ya county kuhusu laiseni ya mbwa.

Miaka ni michache

Great Dane huishi miaka 7 hadi 10. Saint Bernard, 8 hadi 10. Boerboel huenda mbele kidogo. Mbwa mdogo wa jirani anaweza kupita 14. Majitu huzeeka haraka: akifika miaka 6, huyo ni mzee. Moyo wa Great Dane huweza kupanuka na kuchoka, na saratani ya mifupa hupenda mbwa wakubwa. Akichechemea wiki mbili bila sababu, usimpake dawa ya misuli. Mpeleke apigwe picha.

Hii maana yake ni kwamba puppy ukimletea mtoi wa darasa la pili, huenda mkamzika kabla mtoi amalize high school. Mwambie mtoi ukweli mapema.

Maswali 5 ya kujibu kabla ya kusema ndio

1. Tunaweza kulipa kilo 30 za chakula kila mwezi, hata mmoja wetu akipoteza job?
2. Nani atamtembeza kila siku, na ana nguvu ya kumshika?
3. Landi amekubali, na tukihama tutaenda naye wapi?
4. Kuna doo ya operesheni ya dharura imewekwa kando?
5. Saa nane usiku, gari ni ya nani?

Kama yote matano yana jibu, enda ukaone mama wa puppy. Kama la tano halina, anza na hilo.