Mkono wa Fundi na Sahani za Sumaku: Historia Fupi ya Uwekaji wa Viendeshi vya Diski

Historia ya viendeshi vya diski aghalabu husimuliwa kwa kutaja wingi wa kumbukumbu vinazoweza kuhifadhi. Iko, hata hivyo, historia nyingine isiyotiliwa maanani sana, nayo ni ya mkono wa binadamu: ni nani aliyeruhusiwa kukigusa chombo hiki, wakati gani, na hatari ilikuwa wapi. Makala haya yanadai kwamba hatari hiyo haikuondolewa; ilihamishwa tu.

Kiendeshi cha kwanza cha aina hii, IBM 350, kilitangazwa Septemba 1956. Kilibuniwa San Jose, California, na watafiti walioongozwa na Reynold Johnson. Kilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, kilihifadhi herufi milioni 5, na uzito wake ulikaribia tani moja. Chombo kama hicho hakikubebwa mkononi. Kiliinuliwa kwa mitambo na kusimikwa na mafundi.

Mkono wa mtumiaji uliingia mwaka 1962, ilipotangazwa IBM 1311. Sahani zake sita zilifungwa pamoja katika fungu la kilo 4.5 hivi, lililoweza kutolewa na kurudishwa. Uhuru huo ulikuwa na gharama. Kichwa cha kusomea kilielea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele, hivyo chembe ya vumbi ilitosha kukiangusha. Fundi aliyelihamisha fungu lililokwaruzwa kwenye kiendeshi kingine ili alijaribu, aliweza kukiharibu nacho pia.

Jibu lilipatikana mwaka 1973 katika IBM 3340, kazi iliyoongozwa na Kenneth Haughton. Sahani na vichwa vilifungiwa pamoja, mbali na vumbi. Mpango wa awali ulikuwa wa sehemu mbili za megabaiti 30 kila moja, na tarakimu hizo zikaleta jina la utani Winchester, kwa kukumbuka bunduki ya .30-30.

Mwaka 1980 ilitoka ST-506 ya inchi 5.25, yenye megabaiti 5. Sasa bisibisi ilitosha. Lakini hatari ilitoka kwenye vumbi ikaingia kwenye umeme: umeme tuli wa mwili, usiohisiwa hata na mwenyewe, uliweza kuunguza saketi. Ndiyo sababu fundi hufundishwa kuzima mtambo na kujiunganisha na ardhi kwa mkanda wa kifundoni. Nao utaratibu wa SCSI, uliosanifishwa mwaka 1986, ulidai kila kiendeshi kipewe namba yake pekee. Viwili vyenye namba moja viligombana.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley walichapisha makala kuhusu RAID, yaani kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa nyingine zifidie. Kwa seva isiyopaswa kulala, ilibidi diski mbovu ibadilishwe bila kuzima mtambo. Viungio vikatengenezwa kwa pini za urefu tofauti: ile ya ardhi hugusa kwanza, na wakati wa kuchomoa huachia mwisho. Tahadhari iliyokuwa kichwani mwa fundi ikawa imechongwa katika chuma.

Je, usalama ulikamilika? La. Katika safu inayostahimili kufa kwa diski moja tu, fundi achomoaye diski nzima badala ya ile mbovu huiacha safu imepungukiwa na mbili, na kumbukumbu zote huweza kupotea. Pini haijui ipi ni ipi. Hivyo busara ya kazi hii imerudi kwenye mambo sahili: kusoma namba ya diski mara mbili, kuitazama taa yake, na kuwa na nakala mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Chuma kimejifunza mengi tangu mwaka 1956, lakini uamuzi wa kuchomoa ungali wa mkono.