Urafiki: Kiwanda Kilichotaka Mikono Mingi

Msafiri kutoka Mpuguso, wilayani Rungwe, aliyeteremka stendi ya Ubungo jijini Dar es Salaam, enzi zile mabasi ya mikoani hayajahamishiwa Mbezi Luis, akiendelea na Barabara ya Morogoro kuelekea mjini alikutana na kituo cha Urafiki. Kwa vijana hicho ni kituo cha mwendokasi tu. Jina lenyewe ni la kiwanda cha nguo, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 1966.

Huku Rungwe kitenge ni kitendea kazi. Mama anakitumia kumbebea mtoto, anajifunga kiunoni akienda kuchuma chai, anakikunja kuwa ngata chini ya mkungu wa ndizi. Kwa miaka mingi kitenge au kanga ya namna hiyo iliweza kuwa imetoka Urafiki.

Chanzo cha kiwanda kinajulikana. Februari 1965 Mwalimu Nyerere alizuru China, nchi hizo mbili zikatiliana saini mkataba wa urafiki, na China ikatoa mkopo usio na riba pamoja na mashine na mafundi. Julai 1968 Mwalimu akakifungua. Pamba iliyochambuliwa iliingia upande mmoja. Ikasokotwa uzi, ikafumwa, ikatiwa rangi na kuchapwa, ikatoka nguo iliyo tayari kwa duka.

Kilichonivuta zaidi ni ubishi ulioanza kabla hata vumbi la ujenzi halijatulia. Wakati huohuo Mwanza kulikuwa kunajengwa kiwanda kingine, Mwatex, kwa utaalamu wa Wafaransa. Andrew Coulson, mchumi Mwingereza aliyefanya kazi serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ile, aliviweka viwanda hivi viwili kwenye mizani. Mwatex ililetewa mitambo ya kisasa inayojiendesha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo gharama ilikuwa kubwa na ajira chache. Urafiki ililetewa mashine zinazotaka mtu wa kuzisimamia, ikaajiri watu wapatao 3,000.

Wapo walioona Wachina wametuuzia teknolojia ya kizamani. Taifa changa, walisema, linastahili mashine mpya kama za Ulaya. Hoja hiyo ina ladha ya fahari, lakini mimi niko upande wa Coulson. Nchi ambayo fedha za kigeni ni za kuokoteza na vijana wamejaa mitaani inakimbilia wapi na mtambo unaowaacha nje? Tena mashine unayoweza kuifungua na kuifunga mwenyewe haikulazimishi kumsubiri fundi kutoka ng'ambo. Kwa haki, Mwatex iliizidi Urafiki kwa jambo moja: ilikaa jirani na mashamba ya pamba ya Usukuma, wakati Urafiki ilikuwa yapata kilomita 1,000 kutoka huko.

Mwaka 1974 likaja shirika la Texco kusimamia viwanda vya nguo vya umma. Miaka ya 1980 ikaleta uhaba wa vipuri na fedha za kigeni, kisha milango ya biashara ikafunguliwa na mitumba ikaingia kwa marobota. Mwaka 1997 Urafiki ikageuzwa kuwa kampuni ya ubia: Wachina asilimia 51, Tanzania asilimia 49. Mafundi wa Kichina wa miaka ya 1960 walisifiwa kwa kuishi kwa kiasi na kufundisha kazi kwa vitendo. Mameneja wa ubia walikuja kutafuta faida, na migomo ya wafanyakazi kudai mishahara ikawa habari ya kawaida magazetini.

Vitenge kutoka nje ya nchi vikajaa madukani, na sehemu kubwa ya pamba yetu bado inasafirishwa haijasokotwa. Siku hizi mwekezaji akitangazwa, tunaambiwa kwanza amekuja na mabilioni mangapi. Swali la mashine zake zitataka watu wangapi, lile lililowagombanisha watu miaka ile, mara nyingi huachwa hadi siku ya kutangaza nafasi za kazi.