Duka, Gari na Jeneza: Kususiana Katika Historia ya Pemba

Kule kwetu Pemba hakuna mtu anayealikwa maziko. Habari ikishatoka msikitini, mwenye jembe huchukua jembe, wanawake hujitwika kuni na ndoo za maji wakaelekea nyumba ya msiba, na mwenye duka hufunga mlango hata kama wateja wamejipanga. Mtu anaweza kukosa harusi ya jirani akasamehewa. Akikosa maziko, jambo hilo hukumbukwa mpaka kwa wajukuu. Ndiyo maana katika siasa za visiwa hivi, kubaki nyumbani siku jirani anapozikwa kumeuma kuliko jiwe.

Nilisomesha historia skuli ya sekondari Wete mpaka nikastaafu. Vitabu tulivyokuwa navyo vilieleza chaguzi kwa viti na asilimia. Wanafunzi wangu walikuja darasani na historia nyingine waliyoipata majumbani: nani hakuja hitima ya nani, duka la nani lilisusiwa, ndoa ya nani ilivunjwa kwa ajili ya chama. Nataka kuieleza historia hiyo, kwa sababu nimechoka kusikia ikisemwa kwamba ni ugonjwa wa Wapemba, roho mbaya ya watu wa shamba isiyo na dawa isipokuwa mawaidha. Sikubali. Kususiana kuna tarehe zake, na nyuma ya kila tarehe kuna sanduku la kura.

Wazee huiita miaka ya 1957 hadi 1963 Zama za Siasa. Uchaguzi wa mwanzo ulifanyika Julai 1957, na kule Ng'ambo, Unguja, Abeid Karume wa Afro-Shirazi alimshinda Ali Muhsin wa Hizbu, yaani ZNP. Mwaka uliofuata ugomvi ulikuwa umeshafika mashamba. Baadhi ya wenye mashamba waliokuwa Hizbu waliwatoa maskwota, watu waliokuwa wakipanda mihogo na ndizi baina ya mikarafuu na wakilipalilia shamba la tajiri badala ya kulipa kodi. Mpango ule haukuandikwa popote. Ulisimama juu ya kuelewana tu. Wafuasi wa Afro-Shirazi nao wakayagomea maduka ya Wamanga, Waarabu waliotoka Omani. Haukupita muda gari za abiria zikawa na vyama, mtu akawa yuko radhi atembee kwa miguu kuliko kupanda gari ya mpinzani wake. Kisha ikafika zamu ya jeneza.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na duka dogo nje ya Wete: sukari, mafuta ya taa, sabuni ya mche, kanda za tende msimu ukifika. Alikuwa mtu wa Afro katika kijiji kilichojaa watu wa Hizbu na wa ZPPP, chama alichokiongoza Mohammed Shamte baada ya kujitenga na Afro-Shirazi mwaka 1959. Mama alinihadithia jinsi wateja walivyokuwa wakipita mbele ya duka hilo na chupa tupu za mafuta mikononi, kwenda kununua mbali. Mdogo wake mama alipofariki kwa homa, kaburi lilichimbwa na babu, wanawe wawili na mwalimu wa chuoni. Majirani walikuwa barazani kwao, nyumba ya pili, wanaona.

Ukizitazama hesabu za wakati ule utaelewa kwa nini kila nyumba ilihesabiwa. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Wabunge watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuundika. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni 1961, na siku hiyohiyo fujo zikaanza mjini Unguja, zikasambaa mashamba. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu waliokuwa wakiishi peke yao huko mashamba. Mwaka 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, wakabaki upinzani. Uhuru ulikuja Disemba, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi yaliyowaweka Afro-Shirazi madarakani.

Baada ya hapo wale waliokuwa wakilipita duka la babu walirudi kununua, na misiba yake ikajaa watu. Mama anasema hakuna siku babu aliyofurahia hilo. Alijua kwamba wanakuja kwa woga.

Chama kimoja kilitawala mpaka 1992, na kwa miaka hiyo mtu angeweza kudhani kwamba Zama za Siasa zimezikwa. Uchaguzi wa tarehe 22 Oktoba 1995 ulizirudisha. Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Dokta Salmin Amour wa CCM kuwa mshindi kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tofauti ni kura 1,565. Pemba viti vyote 21 vilikwenda CUF. Chama hicho hakikuyakubali matokeo ya urais, na wawakilishi wake wakalisusia Baraza la Wawakilishi. Kilichofanywa na wakubwa katika ukumbi wa Baraza, sisi tulikifanya dukani na msibani.

Hasira nyingi ziliwaangukia masheha. Sheha huteuliwa na Serikali, na yeye ndiye aliyekuwa akithibitisha nani ni mkaazi na nani si mkaazi wakati wa kuandikisha wapiga kura. Kwa mtu aliyekataliwa kuandikishwa, Tume ilikuwa mbali huko Unguja, lakini sheha alikuwa akimwona kila siku akinunua samaki. Nilikuwamo katika nyumba ya sheha mmoja siku alipofiwa na mama yake, kwa kuwa bibi yule alikuwa amenilea. Ilikuwa baada ya Isha. Wanawake tulikuwa wachache mno kwa bibi wa umri ule, aliyewapokea watoto wa nusu ya kijiji walipozaliwa. Maji yalikuwa yameshachemka na majani ya mkunazi yameshapondwa, na hakuna mtu wa kuosha. Muosha maiti wetu alikuwa CUF. Alikuja kwa mlango wa uani, buibui limefunika uso, akavua viatu, akasema, "Fungeni dirisha." Hakusema neno jengine mpaka alipomaliza kazi yake, kwa utaratibu wote, kuanzia kuumeni, bila ya kuharakisha. Kisha akatoka kwa mlango uleule. Lakini kijiji hakina siri. Mkwe wa muosha yule alikuwa akiuza maandazi asubuhi, na kwa muda mrefu maandazi yale yalirudi ndani kama yalivyotoka.

Hapo ndipo penye dhuluma ya kususiana, na sioni sababu ya kuificha. Waziri anayesusiwa na kijiji hanyimwi kitu. Sukari yake ananunua mjini. Anayeumia ni muosha maiti, muuza maandazi, bibi kizee ndani ya sanda, mwanamke aliyerudishwa kwao na watoto wawili kwa kuwa kaka yake amevaa fulana ya rangi fulani.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2000 ulivurugika mjini Unguja. Ukarudiwa Novemba katika majimbo 16, CUF wakaususia, na Amani Abeid Karume akatangazwa Rais. CUF wakaitisha maandamano ya kudai uchaguzi mwengine, katiba mpya na tume huru. Serikali ikayapiga marufuku. Ijumaa ya tarehe 26 Januari 2001 risasi zilipigwa Mwembetanga, Unguja. Siku ya pili yake, Jumamosi, watu wa vijijini waliondoka baada ya sala ya Alfajiri wakielekea Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Walikuwa kwa miguu, wengi na kanzu zao za msikitini. Polisi waliwapiga risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Hashim Mbita ilitaja 31. Askari polisi mmoja aliuawa Micheweni.

Nyumbani kwetu aliletwa kijana wa ukoo wetu, risasi imempita kwenye mkono juu ya kiwiko. Hakutaka kusikia habari ya hospitali, kwa hofu ya kukamatwa akiwa kitandani. Mama alichemsha maji ya chumvi, akachana khanga iliyokuwa bado na gundi ya dukani. Usiku kijana yule aliondoka kwa mashua kuelekea Shimoni. Watu wapatao 2,000 walivuka hivyo kwenda pwani ya Kenya, ambako Wapemba wengi wana jamaa. Nchi iliyokuwa ikipokea wakimbizi wa Burundi, Rwanda na Kongo ikawa sasa inatoa wakimbizi wake. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa Muungano wakati ule, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2019 kwamba mauaji hayo yalitia doa uongozi wake.

Maneno yaliyosemwa wiki ile yalijenga ukuta mrefu kuliko kadi za vyama. Tulikuwa na mwalimu mwenzetu aliyesema ofisini, mbele ya watu waliokuwa na majeruhi majumbani mwao, kwamba wale walijua marufuku ipo na wakaenda, basi wamejitakia. Pengine angekuwa CCM akanyamaza, angesamehewa. Neno "wamejitakia" halikusamehewa. Akawa anakunywa chai peke yake kwenye meza ya watu minane. Mkewe alipojifungua, arubaini yake ilisimamiwa na ndugu zake waliotoka Unguja. Mwisho aliomba uhamisho.

Nimefikiri sana kwa nini kususiana kwa 2001 kulikuwa kukali kuliko kwa 1995, na jibu langu ni hili. Kura ilikuwa imeshindwa kusema. Maandamano yakajaribu kusema, yakapigwa risasi. Mtu aliyeambiwa asipige kelele barabarani hakuacha kuwa na la kusema. Alirudi nalo kijijini, na kijijini hakuwa na pa kulipeleka isipokuwa kwa jirani. Hakuna askari anayeweza kumlazimisha mtu anunue kilo ya sukari kwenye duka fulani au ashike jembe kwenye kaburi fulani.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu ni yale yaliyofuata. Muafaka baina ya CCM na CUF ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, na joto likapungua bila ya kwisha. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikaamua, kwa asilimia 66.4, kwamba kuwe na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba ya mwaka huo Dokta Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1 tu. Tofauti ilikuwa ndogo, na safari hii Maalim Seif alikubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hakukuwa na amri ya kuwataka watu wa Pemba waanze tena kuzikana. Walianza wenyewe. Niliona mikeka ikiazimwa baina ya nyumba zilizokuwa hazisalimiani tangu 1995. Msimu wa karafuu ulipofika, wachumaji walipanda mikarafuu bila ya kuuliza mwenye shamba ni wa chama gani. Kama kususiana kungekuwa ndiyo tabia yetu, kusingeondoka kwa wepesi ule.

Na kulirudi kwa sababu iliyo wazi. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar aliufuta uchaguzi wakati matokeo yakiendelea kutangazwa. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF hawakushiriki, na Dokta Shein akapewa asilimia 91.4. Mwaka huo maduka yalisusiwa tena na mikarafuu ilikatwa usiku, mti unaochukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Agosti 2016, kwenye maziko ya Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar, Dokta Shein alimpa mkono Maalim Seif mbele ya watu, na Maalim hakuupokea. Wote wawili ni wazaliwa wa Pemba. Nchi nzima ilizungumza juu ya mkono ule. Kwetu sisi lilikuwa jambo la kijijini lililopanda mpaka juu.

Baada ya uchaguzi wa 2020, nao ukiwa na vifo na malalamiko yake, chama kipya cha Maalim Seif, ACT-Wazalendo, kiliingia katika Serikali ya Umoja. Alipofariki tarehe 17 Februari 2021 alizikwa kwao Mtambwe, na Rais Hussein Mwinyi alikuwapo mazikoni. Watu wa vyama vyote walikuja.

Kwa hiyo nawaomba wanaokuja Pemba kutuhubiria umoja wasome tarehe hizi kwanza. Tuna masheikh wa kutosha wa kutukumbusha haki ya jirani. Tunachokosa ni sheha asiyekuwa na chama, daftari la wapiga kura lisilomkataa mzaliwa wa kijiji, matokeo yanayojumlishwa mbele ya macho ya watu, na njia iliyoachwa wazi kwa waandamanaji wasiokuwa na silaha. Mtu aliyeruhusiwa kusema barabarani kwamba ameonewa hana haja ya kulisema jambo hilo kwenye msiba wa jirani yake.